Kidonge cha moyo kilivyomfunga Mama kifua

Dada mmoja wa Malaba, mji wa mpakani, upande wa Uganda, ameniandikia kuhusu mama yake mwenye umri wa miaka 58, ambaye ameishi na pumu tangu utotoni. Wakati wa mvua kifua kilipomsumbua, Mama alianza kumeza vidonge vya salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, vya miligramu 4, kimoja mara tatu kwa siku, juu ya inhela yake ya buluu yenye dawa hiyohiyo. Baada ya wiki mbili mikono ikawa inatetemeka na moyo unamwenda mbio. Alikwenda kwenye kliniki moja, akaeleza habari za moyo, hakuulizwa habari za kifua, akapewa vidonge ndani ya bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa “1 × 3” bila jina la dawa. Usiku uleule alibanwa kifua. Alivuta inhela mara sita bila nafuu, akakimbizwa hospitali, na huko wakatambua kwamba vidonge vile vilikuwa propranololi ya miligramu 40, dawa ya kutuliza mwendo wa moyo. Jirani amesema neva za Mama zimechoka. Dada anauliza: “Daktari, dawa ya moyo inaingiaje kifuani? Kwa nini inhela iliyomsaidia miaka yote ilishindwa usiku ule? Na ni kweli neva zake zimeharibika?”

Dada yangu, pokea pole kwa usiku ule, na umfikishie Mama pole zangu. Swali lako la mwisho nalijibu kwanza ili lisiendelee kukunyima usingizi: neva za Mama hazikuharibika wala hazikuchoka. Usiku ule mwili wake ulituma ujumbe wa kufungua mapafu kama ulivyofanya siku zote, na ujumbe ukafika, lakini ukakuta mahali pake pamekaliwa. Ili ulione jambo hili vizuri itanibidi nikupitishe njia nzima ambayo ujumbe wa neva hupita, kwa sababu dawa iliyomfunga kifua, na ile iliyomtetemesha mikono kabla yake, zote mbili hufanya kazi mwishoni mwa njia hiyo, tena katika sehemu moja.

Neva ni kifungu cha nyuzi nyembamba sana, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja hai. Watu wengi hudhani kwamba ujumbe hupita ndani yake kama umeme unavyopita katika waya. Ukweli ni tofauti. Seli ya neva iliyotulia hujiwekea akiba ya umeme katika utando wake: pampu ndogo zilizopachikwa humo hutoa nje chembe 3 za sodiamu na kuingiza chembe 2 za potasiamu, mchana na usiku, na sehemu ya potasiamu huvujia nje tena, hata ndani ya seli kukawa hasi kwa milivolti 70 hivi ukilinganisha na nje. Seli ikichokozwa kiasi cha tofauti hiyo kupungua hadi milivolti 55 hivi, milango ya sodiamu hufunguka kwa mpigo, sodiamu humiminika ndani, na kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde ndani kunageuka kuwa chanya. Kisha milango hiyo hujifunga, ile ya potasiamu hufunguka, na utulivu hurudi. Mgeuko huo huchokoza kipande cha utando kilicho jirani, nacho humchokoza jirani yake, mpaka mwisho wa uzi. Ujumbe wa neva, basi, huzaliwa upya katika kila hatua, na ndiyo sababu haufifii hata ukitoka uti wa mgongo mpaka kidole cha mguu. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliyapima haya katika uzi mnene wa neva ya ngisi na kuchapisha hesabu zake mwaka 1952, na mpaka leo wanafunzi wangu huanza masomo yao kwa hesabu hizo.

Kasi ya ujumbe hutegemea uzi wenyewe. Nyuzi nene zilizofunikwa kwa ala ya mafuta hupeleka ujumbe hadi mita 120 kwa sekunde, lakini nyuzi za mwisho zinazokwenda moyoni na kwenye mishipa ya damu hazina ala hiyo, na ujumbe wake hutembea mita moja hivi kwa sekunde, kama mwendo wa mtu asiye na haraka. Siku pikipiki ikikupitia ubavuni bila kutarajia, utaona kwamba miguu inaruka kwanza na moyo unaanza kudunda baadaye kidogo, na tofauti hii ya kasi ni sehemu ya sababu yake.

Wewe unaishi mpakani, kwa hiyo jambo linalofuata utalielewa upesi kuliko wengine. Umeme ukifika mwisho wa uzi hukuta mwanya kati yake na seli inayofuata. Katika maungio mengi mwanya huo una upana wa nanomita 20 hivi, mdogo kiasi kwamba unene wa unywele mmoja ungeenea mianya elfu kadhaa, lakini umeme hauuvuki. Hufanya kama lori lisilo na kibali cha kupita: hufika ukingoni, mzigo ukashushwa na kuvushwa kwa mikono. Umeme unapofika hufungua milango ya kalsiamu, na kalsiamu ikiingia, vifuko vidogo vilivyojaa kemikali hujigandisha kwenye ukingo na kumwaga mzigo wake mwanyani. Upande wa pili kuna protini zilizochomoza juu ya utando wa seli, kila moja na umbo lake, zinazongoja kemikali zinazolingana nazo. Hizo tunaziita vipokezi. Nakuomba ulishike neno hilo, maana kisa chote cha Mama kiko hapo.

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama kweli ujumbe huvuka kwa kemikali. Aliyewapa ushahidi ulio wazi alikuwa Otto Loewi, akiwa mjini Graz nchini Austria, mwaka 1921. Alichukua mioyo miwili ya chura, akaiacha inadunda ndani ya maji ya chumvi. Aliichochea neva ya kutuliza ya moyo wa kwanza, na moyo ule ukapunguza mwendo, kama ilivyojulikana. Kisha akachota maji yaliyouzunguka moyo wa kwanza na kuyamimina kwenye moyo wa pili, ambao neva yake haikuguswa, na huo nao ukapunguza mwendo. Alipoichochea neva ya kuharakisha, maji yake yaliuharakisha moyo wa pili. Kila ninapolieleza jaribio hili darasani huwa napunguza sauti, kwa sababu naona ndipo utabibu wa dawa za moyo za jamii hii ulipoanzia. Ikiwa ujumbe ni kemikali, basi kitu chochote kinachofanana na kemikali hiyo kinaweza kusema kwa niaba yake, na kitu chochote kinachoweza kukalia kipokezi chake kinaweza kuunyamazisha. Salbutamoli husema kwa niaba. Propranololi hunyamazisha.

Sasa tuje kwenye mfumo wenyewe. Mwili una neva zinazoendesha viungo bila wewe kuamua, na zimegawanyika katika matawi mawili yanayovutana. Tawi moja, liitwalo parasimpathetiki, hushughulikia utulivu, mmeng'enyo wa chakula na mapumziko. Tawi la pili, simpathetiki, ndilo la kukimbia na kupambana. Hilo hutoka kwenye uti wa mgongo, sehemu ya kifua na kiuno cha juu. Uzi wake wa kwanza huishia kwenye vituo vilivyopangwa kando ya uti wa mgongo na kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini, na uzi wa pili huendelea mpaka kwenye kiungo na kumwaga noradrenalini, kemikali ambayo Msweden Ulf von Euler aliitambua kuwa mjumbe wa neva hizi mwaka 1946. Tawi hilohilo lina msaidizi: tezi zilizokaa juu ya figo, ambazo zikiamshwa na uzi wa kwanza humwaga adrenalini moja kwa moja ndani ya damu, nayo ikasambaa mwili mzima kama mwito wa mnara wa msikiti unaofika kila nyumba kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo penye fumbo lililokusumbua. Adrenalini hiyohiyo huuharakisha moyo, huibana mishipa ya damu ya ngozi, huilegeza mishipa ya damu ya misuli ya miguu na hufungua njia za hewa. Kemikali moja hukaza hapa na kulegeza pale. Mmarekani Raymond Ahlquist alilitatua fumbo hili mwaka 1948 alipolinganisha nguvu za kemikali kadhaa za jamii ya adrenalini juu ya viungo mbalimbali, akaona kwamba viungo vinajipanga katika makundi mawili: kemikali iliyo dhaifu kuliko zote katika kundi la kwanza ilikuwa na nguvu kuliko zote katika kundi la pili. Akahitimisha kwamba tofauti haiko kwenye ujumbe bali iko kwa anayepokea, akaviita vipokezi hivyo alfa na beta. Jarida la kwanza alilolipelekea makala yake lilimkatalia, na kwa miaka kama kumi wachache tu waliyajali maneno yake. Baadaye, mwaka 1967, ilionekana kwamba hata beta ni wa aina mbili. Beta 1 hutawala moyo zaidi, na beta 2 hutawala misuli laini inayozunguka njia za hewa, pamoja na mishipa ya damu ya misuli na misuli ya mikono yenyewe.

Kuna jambo moja ambalo mimi bado hunistaajabisha. Beta wa moyoni na beta wa mapafuni wakiguswa, hutengeneza ndani ya seli kemikali ileile ya kupokezana ujumbe, iitwayo AMP ya mzunguko. Katika seli ya moyo kemikali hiyo huongeza kalsiamu inayoingia, na moyo ukapiga kwa nguvu na kwa haraka zaidi. Katika msuli laini wa njia ya hewa, kemikali hiyohiyo humzuia mhusika anayeukaza msuli, na njia ikapanuka. Kwa hiyo tofauti iko kwenye seli yenyewe na kazi iliyojipangia tangu mwanzo. Dawa haijui moyo wala haijui mapafu. Dawa hujua umbo la kipokezi tu, na popote linapokuwapo umbo hilo, dawa itashika.

Tuanze, basi, na mikono iliyotetemeka. Salbutamoli ilibuniwa kule Ware nchini Uingereza na kikosi cha David Jack, ikaingia sokoni mwaka 1969, na ubora wake ni kwamba hupendelea beta 2 kuliko beta 1. Ukiivuta kwa inhela, mvuto mmoja hutoa mikrogramu 100, na kiasi kikubwa cha kazi hufanyika mapafuni kabla dawa haijaenea kwingine. Kidonge cha miligramu 4 kina mikrogramu 4,000, yaani uzito wa mivuto 40, na chote hupita tumboni, sehemu yake ikaingia katika damu, na kukifikia kila kipokezi cha beta 2 mwilini, wa mikononi wakiwamo. Misuli ya mikono hutetemeka. Mishipa ya damu hulegea, na moyo ukalazimika kukimbia ili kufidia, mbali na kwamba moyo wenyewe una beta 2 kadhaa kati ya beta 1 wake wengi. Mama alimeza vidonge vitatu kwa siku kwa wiki mbili. Kwa maelezo uliyonipa, sioni sababu ya kutafuta ugonjwa mwingine wa moyo kabla ya kuviondoa vidonge hivyo kwanza. Vidonge vya salbutamoli ni vya bei nafuu na vimejaa katika maduka yetu ya dawa, lakini kwa mtu mzima anayeweza kuvuta inhela huleta mtetemeko mwingi kwa faida ndogo.

Kisha ikaja propranololi. James Black, Mskoti, aliitafuta dawa hii kwa sababu aliwahurumia wagonjwa wa moyo ambao mishipa yao ya damu imekuwa myembamba. Wengine walijaribu kuongeza damu inayofika moyoni, naye akauliza kama haingekuwa bora kuupunguzia moyo kazi. Aliyaamini maneno ya Ahlquist yaliyopuuzwa, akatafuta kitu kitakachokalia beta bila kuiamsha kazi yake, na mwaka 1964 propranololi ikatangazwa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988, na mamilioni ya watu wameishi kwa sababu ya kazi yake. Lakini propranololi hukalia beta 1 na beta 2 bila kubagua. Kwa mtu mwenye mapafu mazima hilo si neno, kwa kuwa njia zake za hewa ziko wazi hata bila kusaidiwa, na ataimeza miaka mingi asione lolote kifuani.

Mgonjwa wa pumu yuko katika hali nyingine. Njia zake za hewa zimevimba na misuli yake iko tayari kukaza kwa jambo dogo. Neva ya parasimpathetiki inayoshuka kutoka kichwani hadi kifuani, iitwayo vagasi, humwaga asetilikolini kwenye misuli hiyo na kuikaza. Kinyume chake, neva za simpathetiki zinazofika moja kwa moja kwenye misuli hiyo ni chache sana kwa binadamu, kwa hiyo kinachozuia njia zisifunge ni hasa adrenalini inayozunguka katika damu na kuwagusa beta 2 waliotapakaa humo. Kwa maneno mengine, kifua cha Mama kilikuwa kimeshikiliwa wazi na mkono mmoja tu. Propranololi iliuondoa mkono huo, na vagasi ikabaki bila mpinzani.

Inhela nayo ilishindwa kwa sababu hiyohiyo. Salbutamoli na propranololi hugombea kiti kimoja. Hakuna anayekaa milele: kila chembe hukaa, huinuka, na nyingine huwania nafasi, lakini propranololi hukishika kiti kwa nguvu kuliko salbutamoli kwa mbali sana, kwa hiyo kila kiti kinapoachwa wazi, aghalabu propranololi ndiyo inayokirudia. Mivuto sita iliingia katika chumba ambacho viti karibu vyote vimekaliwa. Dawa ya mvuke hospitalini hutoa salbutamoli nyingi zaidi kwa mfululizo, na wingi huo unaweza kuanza kushinda baadhi ya viti. Ikiwa waliongeza ipratropiamu, hiyo haiwanii kiti hicho kabisa, bali hukalia kipokezi cha asetilikolini na kuifunga mdomo vagasi, na kwa mtu aliyemeza propranololi njia hiyo ya pembeni ina thamani kubwa. Oksijeni humsaidia mgonjwa asikose hewa wakati dawa zinafanya kazi. Nusu ya propranololi huondoka katika damu ndani ya saa 3 hadi 6, hivyo baada ya siku moja au mbili viti vya Mama vilikuwa huru tena, na ninyi wenyewe mmeona kwamba inhela imerudia kumsaidia.

Napenda uelewe pia kwamba kuna dada zake propranololi wanaopendelea beta 1, kama vile atenololi na bisoprololi, na daktari wa moyo anaweza wakati mwingine kumpa mgonjwa wa pumu bisoprololi kidogo kwa uangalizi. Upendeleo si uaminifu, hata hivyo. Dozi ikipanda, upendeleo huo hupotea. Hata kama Mama angekuwa na presha ya juu tu, asingehitaji hata mmoja wao, kwa kuwa kuna amlodipini na dawa za kukojosha maji, ambazo hazigusi beta popote.

Hatari isiyotazamiwa na wengi ni matone ya macho. Timololi, inayotumika kupunguza shinikizo la jicho katika ugonjwa wa glakoma, ni ndugu halisi wa propranololi. Nilipokuwa mwanafunzi wodini nilimwona mzee aliyelazwa mara tatu kwa pumu ndani ya miezi miwili, na kila mara tulimuuliza anameza nini, akajibu kwa haki kabisa kwamba hamezi kitu. Siku ya tatu binti yake alifungua mkoba ili atafute leso, na chupa ndogo ya plastiki ikaanguka sakafuni. Tone likitiwa jichoni hutiririka kupitia tundu dogo lililo kwenye kona ya jicho karibu na pua, likaingia puani na kutoka hapo likaingia katika damu bila kupita kwenye ini. Anayetumia matone ya aina hiyo hufundishwa kubonyeza kona hiyo kwa kidole dakika mbili baada ya kutia tone ili kupunguza kinachopita, lakini mgonjwa wa pumu hapaswi kuyategemea mabonyezo hayo. Aache timololi, na daktari wa macho ampe dawa ya jamii nyingine.

Kwa upande wa kuchochea, mlango si kipokezi peke yake. Noradrenalini ikishafanya kazi, sehemu yake kubwa hurudishwa ndani ya uzi ulioitoa ili itumike tena, jambo ambalo Mmarekani Julius Axelrod alilionyesha. Kokaini huziba njia hiyo ya kurudi, na noradrenalini ikazidi kurundikana mwanyani. Mairungi, ambayo madereva wengi hapo kwenu hutafuna ili wasilale njiani, hufanya vingine: kathinoni iliyomo hupenya ndani ya ncha ya uzi na kuisukuma noradrenalini nje bila amri ya umeme wowote. Kathinoni huharibika upesi jani linapokauka, ndani ya siku mbili hivi, na ndiyo sababu mashada yake hufungwa kwa majani ya migomba na kukimbizwa sokoni kama samaki wabichi. Mtafunaji hujiona yuko macho, lakini mishipa yake ya damu imekazwa na presha imepanda. Nalitaja hili kwa sababu dereva mwenye presha anayemeza propranololi huku akitafuna mairungi yuko katika hatari ya pekee: beta wote wamekaliwa, na noradrenalini iliyosukumwa nje hubaki na alfa peke yao, ambao kazi yao ni kubana mishipa ya damu. Ukiwa na ndugu wa namna hiyo, tafadhali zungumza naye.

Matone ya pua ya kuzibua mafua nayo huwagusa alfa, yakaibana mishipa ya damu ya puani na uvimbe ukashuka kwa dakika chache. Yakitumika zaidi ya siku 5 hadi 7, pua huziba tena kwa sababu ya matone yenyewe. Vidonge vingi vya mafua vina dawa ya jamii hiyo, na mwenye presha afadhali avikwepe.

Kuna hali nyingine ambayo ningesikitika kama ningeiruka, ingawa haimhusu Mama moja kwa moja. Jasho ni mahali ambapo kanuni huvunjwa: neva za tezi za jasho ni za simpathetiki, lakini humwaga asetilikolini. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anayetumia propranololi, sukari yake ikishuka ghafla, anaweza asisikie moyo kudunda wala kuona mikono ikitetemeka, kwa kuwa beta wamezibwa, lakini jasho litamtoka vilevile. Jamaa zake wajue kwamba jasho la ghafla lisilo na sababu ni dalili ya kumpa kitu chenye sukari mara moja.

Mama alimeza vidonge vichache, hivyo kuviacha hakumdhuru. Lakini ikiwa jirani yako yeyote ametumia propranololi au atenololi kwa miezi na akasoma haya, nasihi yangu ni kwamba asiache kwa siku moja. Viti vikikaliwa muda mrefu, seli huongeza viti vingine, na kifuniko kikiondolewa ghafla adrenalini hukuta umati wa vipokezi unaoingoja. Moyo unaweza kudunda vibaya, hata kuumia. Aende kwa daktari wake apunguziwe dozi polepole.

Sasa Mama afanye nini? Kwanza aache vidonge vya salbutamoli, abaki na inhela yake, na apelekwe kwa daktari anayetibu pumu, kwa sababu mtu anayehitaji salbutamoli kila siku amekwisha kuonyesha kwamba uvimbe wa njia zake za hewa haujatibiwa. Salbutamoli hulegeza misuli lakini haigusi uvimbe. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haipendekezi mtu mzima kutibiwa kwa salbutamoli peke yake, na dawa anayoikosa ni ya kuvuta yenye steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa mfano beklometasoni au budesonidi, inayotumika kila siku hata siku anapojisikia mzima. Moyo ukiendelea kumwenda mbio wiki mbili baada ya vidonge kuachwa, apimwe damu na tezi ya shingo, na apigwe kipimo cha umeme wa moyo.

La pili liko mikononi mwako. Mama bila shaka ana daftari la shule analokwenda nalo kituo cha afya, kama sisi sote. Chukua kalamu nyekundu, na kwenye ukurasa wa kwanza, juu kabisa, andika kwa herufi kubwa: PUMU. ASIPEWE PROPRANOLOLI. Chini yake andika jina la propranololi kama linavyosomeka kwenye pakiti, ili mhudumu aliyezoea jina la pakiti alitambue, na katika mstari huohuo uongeze timololi ya macho. Kila akipewa dawa ndani ya bahasha, umwombe anayeitoa aandike jina lake kando ya “1 × 3” kabla hamjaondoka dirishani.